Jinsi tulivyomaliza ugomvi wa mpira mtaani Walukuba

Kila jioni hapa Walukuba, Jinja, Uganda, mpira wa watoto ulikuwa unatua kwenye kikaango cha mama wa chapati, kelele zinaanza. Kuwafukuza hakukusaidia. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, akawapangia saa za kucheza. Mtoto gani anaangalia saa?

Dawa ilikuwa kubadilisha mpira wenyewe. Ule wa kununua tuliuweka kando, watoto wakafunga wa maganda makavu ya mgomba. Siri ni kuyanyunyizia maji kidogo kwanza: makavu kabisa hukatika, yakilowa sana hulegea baadaye. Kaza kamba kila mzunguko. Haudundi juu, hauvunji kioo. Magoli nayo tukayageuza yafuate urefu wa barabara, mashuti yasielekee kwenye kikaango. Mama sasa anawakopesha chapati.