Mikanda ya punda: rangi kwanza, mafuta baadaye

Kosa tunaloliona sana kwa punda wa mikokoteni hapa Dodoma ni mkanda kulowekwa mafuta kabla ya rangi. Mafuta yakishatangulia rangi haiingii, inakaa madoadoa.

Kabla ya yote, tazama ukingo uliokatwa. Ukiwa kahawia mpaka ndani, ngozi imelainishwa kwa magome, kama yale ya miwati ya Njombe. Ukiwa na ubluu-ubluu katikati, hiyo imelainishwa kwa kemikali ya kromu: tafuta rangi ya dukani, maana rangi ya kutu haitaishika sawasawa.

Rangi ya kutu ni misumari mikuukuu ya kutosha kiganja ndani ya lita moja ya siki nyeupe, wiki mbili. Usikaze kifuniko, kuna gesi inayotoka. Chuja kwa kitambaa. Paka kwanza chai ya rangi iliyokolea sana, iache inywewe, kisha pitisha maji ya kutu kwa brashi. Ngozi inakuwa kijivu, halafu baada ya dakika chache inakuwa nyeusi tii. Upande wa nyama, unaogusa mwili wa punda, uache bila rangi.

Hatua inayorukwa ndiyo inayoua mkanda: kijiko kimoja cha chakula cha magadi soda ya mapishi katika lita ya maji, futa uso wote, kisha suuza. Asidi ikibaki, ngozi itakatika yenyewe baada ya muda. Anika kivulini, ndani ya nyumba. Upepo wa Julai hapa kwetu unakausha juu huku ndani kukiwa bado kubichi, na uso unapasuka.

Ikiwa na unyevu kidogo tu, paka mafuta ya miguu ya ng'ombe: chemsha miguu iliyotolewa kwato, engua mafuta yanayoelea, yachuje. Kitambaa kiwe na mafuta kidogo, kisidondoshe. Iache ilale, kesho yake ikunje. Ikiwa bado ngumu, rudia. Mafuta yakichuruzika ukikunja, umezidisha. Mkanda wa tumbo uliozidishwa mafuta unavutika, na mzigo unahama. Alizeti ni rahisi kupata huku kwetu, lakini mafuta yake yakikaa hewani yananata na kukamata vumbi. Oili chafu ya gari usiiguse kabisa, inaunguza ngozi ya mnyama.

Umalizie kwa nta ya nyuki sehemu moja na mafuta yale yale sehemu tatu, vikiyeyushwa kwenye kopo lililokaa ndani ya maji moto. Nta juu ya moto wenyewe inashika moto. Paka, subiri ipoe, sugua kwa brashi. Pale mkanda unapozunguka chuma cha kufungia ndipo hupasuka mapema, kwa hiyo pakunjue na upake ndani kabla hujashona.

Mwisho, sugua kwa kitambaa cheupe chenye maji. Kikitoka cheusi, endelea kusugua mpaka kitoke safi, la sivyo jasho litaishusha rangi yote tumboni mwa punda.