Na Hiki Kinakuna Nazi?

Cheti changu cha uvumbuzi kimekwisha muda. Miaka 10, na sheria hairuhusu kukiongeza. Mwanangu wa mwisho alikishusha ukutani akipangusa vumbi, akakisoma kama asomavyo pakiti za biskuti, kisha akauliza: "Baba, si wasema siku zote mbuzi hii ya kukunia nazi uliitengeneza na bibi yako? Mbona jina lake halimo?"

Nikamtuma chai.

Usiku ninaoukumbuka ni wa saiba moja ya intaneti pale Mwembe Tayari, Mombasa. Mbuzi yangu ya pedali ilikuwa tayari, fremu ya baiskeli, meno yanazunguka, nazi imekaa kwenye kikombe cha chuma, na niliapa duniani hakuna nyingine. Kutafuta kwa jina la kawaida kuliniletea mapishi matupu. Kumbe watu wa hataza, ile haki ya kisheria ya mvumbuzi, hutafuta kwa mafungu. A23N 5/03 ni fungu la mashine za kufua na kuvunja nazi. Yangu ni ya kukuna, lakini nikapiga hodi hapo hapo. Waraka mpya hutaja wa zamani, nami nikawa nateremka, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayeshuka kisimani.

Huko chini mchoro mmoja ukaanza kufunguka, mstari kwa mstari, intaneti ikijikokota. Kwanza gurudumu. Halafu mpini wa kuzungushia. Halafu nusu ya nazi, imechorwa kwa wino, hata nyuzi za kifuu zaonekana. Kila kiungo kina namba yake ndogo, na kikombe ni 14. Hataza ya Marekani, ya tarakimu sita, yaani kabla ya 1911, mwaka walipofika milioni. Marehemu mvumbuzi huyo alikuwa ameikuna nazi yangu babu yangu hajazaliwa. Hataza yenyewe ilishakufa zamani, ningeweza kuiga nitakavyo, ila kilichokwisha kuchapishwa popote si kipya tena, na kisicho kipya hakipewi hataza.

Sijui nilikaa muda gani. Kijana wa saiba alinigongea meza mara mbili.

Ndipo nikaitazama tena ile 14. Kikombe chake kilishika nazi kwa skrubu nne. Changu kilikuwa na tyubu ya baiskeli ndani, imechanjwachanjwa, kwa sababu siku moja bibi aliniona nahangaika na nazi inayoteleza kwa tui akasema, kwa utani wa bibi kwa mjukuu, "Mume wangu, acha ujuzi, kata tyubu hiyo uitandike." Mimi nilikuwa nimeihesabu kama kiraka.

Mengine yalienda haraka, ukiacha kungoja. Wakala akanishauri niache hataza ya miaka 20, niombe cheti kidogo cha 10, ambacho hakidai ugunduzi wa kutisha. Pedali ikafutwa, meno yakafutwa, dai likabaki tyubu. Fomu ya KIPI, taasisi ya Kenya inayotoa vyeti hivi, ina nafasi ya mvumbuzi, na wanaruhusu zaidi ya mmoja. Bibi alikuwa Msambweni, mimi South C, Nairobi, kwenye ofisi zao, tikiti ya basi la usiku mfukoni. Nikaandika jina moja.

Nilipompelekea cheti alikipapasa, akakigeuza nyuma, akakigeuza tena mbele.

"Na hiki kinakuna nazi?"

Nilicheka sana siku ile. Mwanangu amerudi na chai, amesimama, na cheti bado kiko kwapani mwake.