SAT: maksi zipi nilituma, zipi nilibaki nazo

Nyie mnaoomba vyuo vya Marekani, hili swali la SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya huko, kwamba ukifanya zaidi ya mara moja utume maksi zipi, nimelijibu kwa voisi mpaka sauti imekauka, bora niandike mara moja. Mi nlifanya mara mbili. Ya kwanza hesabu 710, kusoma na kuandika 540, jumla 1250. Ya pili kusoma kukapanda 620 ila hesabu zikashuka 660, jumla 1280. Sasa unatuma ipi?

Mjomba yeye alishaamua, tuma ya pili si ndo kubwa, yaishe. Mama ndo alinibana. Unajua sisi tumezoea ya NECTA, matokeo yanawekwa mtandaoni na namba yako ya mtihani ipo pale, mpaka jirani anajua umepata divisheni ngapi, kwahiyo akisikia mtoto anachagua cha kuonyesha anahisi kuna ujanja. "Mwanangu, huko kuchagua si ndo kudanganya?" Nkamwambia hapana mama, wenye mtihani wenyewe, College Board, wana utaratibu unaitwa Score Choice, unachagua matokeo ya tarehe gani yaende na ya tarehe gani yabaki. Ila inaenda tarehe nzima, huwezi kuchomoa hesabu za siku ile ukaacha Kiingereza chake. Na chuo nacho kina sheria zake, kikisema leta zote unapeleka zote, Georgetown ndo walivyo hao, na huko ukibakiza moja hapo kweli umedanganya. Mama akasema haya, basi hizo sheria tuzisome wote. Akachukua daftari lake la vikoba, akageuza nyuma, akawa anaandika kila chuo na wanachotaka.

Kusoma zile sheria ndo kukanifungua macho, maana kumbe vyuo vingi havishiki jumla ya siku moja, wanachukua hesabu yako bora na kusoma kwako bora hata kama ni tarehe tofauti, ndo wanaita supaskoo. Kwangu mi ikawa 710 na 620, yani 1330, maksi ambayo sikuwahi kuipata siku yoyote ile! Ila ili waione lazima utume tarehe zote mbili. Ushauri wa mjomba ungenila maksi 50 za hesabu, na mi naomba injinia. Kwahiyo vyuo vya supaskoo nlituma zote, vile vinavyoangalia siku moja iliyo bora nkatuma ya pili tu. Vyuo vya UC, yani University of California, kama Berkeley na UCLA hawaangalii SAT kabisa kwenye kukuchagua, huko usijichoshe.

Kazi ipo kwenye vile vya hiari, vinavyosema ukitaka tuma usipotaka acha. Vilikua vingi sana baada ya korona, sasa hivi baadhi wamerudi nyuma, MIT walirudisha mtihani 2022, Dartmouth wakatangaza 2024. Nlichofanya mi, nlikua naingia Google naandika jina la chuo na maneno Common Data Set, inakuja PDF ndefu, unashuka mpaka kipengele C9, pale utakuta maksi za wanafunzi walioingia, ya chini, ya kati na ya juu, hesabu peke yake na kusoma peke yake. Ya chini maana yake robo ya waliotuma walikua chini ya hapo, sio kwamba ndo mlango umefungwa. Halafu kumbuka kwenye chuo cha hiari wanaotuma ni wale wenye maksi nzuri tu, wengine wamekaa kimya, kwahiyo zile namba zimevimba kidogo.

Chuo kimoja ya chini yao ilikua juu ya 1400, nkaacha, hakuna haja ya kubishana. Kingine ndo kilitugombanisha na mama, ya chini yao 1350 na mi nna 1330. Mama anasema umepungukiwa, kaa kimya. Mi nkamwonyesha hesabu peke yake, 710 yangu ipo katikati kabisa ya watu wao. Na kingine, yule anayesoma fomu yangu kule, shule yangu ya kata haijui, Division One ya PCM sidhani kama anaipima sawasawa, lakini 710 ya hesabu anaielewa bila kuuliza mtu. Dartmouth waliporudisha mtihani moja ya sababu walizotoa ndo hiyo hiyo, watoto wa mazingira magumu walikua wanaficha maksi ambazo zingewabeba. Mama akafikiria weee, mwishowe akaandika "tuma".

Hela sasa. Kila ripoti rasmi ya maksi inayotoka College Board unalipia dola kumi na kitu kwa kila chuo, na zile ripoti 4 wanazokupa bure unazipanga kabla ya mtihani au ndani ya siku 9 baada yake, yani hujaona hata matokeo, ndo maana mi sikuzigusa. Vyuo vingi vinakubali ujaze maksi mwenyewe kwenye Common App, ile fomu moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi, ripoti rasmi unaleta ukishakubaliwa, hakikisha tu kwenye tovuti ya chuo chenyewe. Angalizo, sehemu ya maksi kwenye Common App ni moja kwa vyuo vyote, kwahiyo mi nlianza kutuma fomu za vyuo vinavyotaka maksi, nikimaliza nkazifuta, ndo nkatuma za vile nlivyoamua kunyamaza, na kwenye maswali ya chuo pale wanapouliza unataka maksi ziangaliwe nkajibu hapana.

Kilichonichukua ni kile cha 1350, nkalipia ripoti yao kwa kadi ya kwenye simu, tarehe zote mbili ndani, bei ni ile ile hata ukiweka mbili. Msaada wa ada na viza ni habari nyingine, ntaandika nikipata muda.