Mzigo umefika, mizigo imefika

Bi mmoja alikuja kaunta pale Mwembe Tayari, Mombasa, kuchukua katoni yake iliyoletwa na basi. Akanionyesha simu: "Mizigo 1 zimefika." Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hiki Kiswahili cha wapi?" Mimi ndiye niliyeuandika mfumo unaotuma ujumbe ule. Niliona haya, maana nimezaliwa Mji wa Kale na lugha ni yangu.

Kosa lilianzia kwenye msimbo wa programu. Kwa Kiingereza nilikuwa nimeunga vipande: namba, jina la kitu, herufi "s" ikiwa si kimoja, kisha kitenzi. Kwenye faili la tafsiri nikaweka vipande vilevile, nikadhani wingi unakaa kwenye jina. Haukai hapo! Kifurushi kimefika, vifurushi vimefika. Mzigo umefika, mizigo imefika. Tena tazama barua: barua imefika, barua zimefika. Jina halikutikisika hata kidogo. Kitenzi ndicho kilichobeba habari yote. Hiyo "zimefika" aliyoisoma yule bi niliitafsiri nikiwa na barua akilini, nikaibandika kila mahali.

Sasa siungi tena. Kila ngeli ina sentensi yake nzima, umoja na wingi, na namba naiacha ndani ya sentensi ili mtafsiri aipeleke panapostahili, kwa kuwa sisi husema "mizigo 3", hatusemi "3 mizigo". Kuchagua sentensi naiachia Intl.PluralRules, sehemu ya lugha ya programu ya JavaScript inayosema namba fulani iko kundi gani la idadi, kwa kufuata kanuni za CLDR, yaani hazina ya kanuni za lugha mbalimbali. Kwa Kiswahili hurudisha majibu mawili tu: "one" (moja) na "other" (nyingine zote). Sufuri huangukia "other", nayo ikatupa "Mizigo 0 imefika". Hapana, mtu haambiwi hivyo. Nikaiandikia sentensi yake: "Hakuna mzigo uliofika."

Mwenzangu alilalamika kwamba maandishi yameongezeka. Ni kweli. Aina 3 za shehena, hatua 4 za safari, umoja na wingi: sentensi 24, mbali na zile za sufuri. Nilikaa nazo jioni mbili, nikizisoma kwa sauti moja baada ya nyingine, na mama akisikiliza toka jikoni akanisahihisha mbili.

Wiki ijayo tunaingiza Kiarabu. Chenyewe kina makundi 6 ya idadi, pamoja na la vitu viwili tu. Jedwali nimeshalichora: nafasi 72, zote tupu, zinamngoja mtafsiri.