Hatimaye wachezaji wangu wanaliogopa giza

Kwa miezi kadhaa safari zetu za pangoni zilikuwa zimepooza. Mimi ndiye msimulizi wa kampeni (hadithi ndefu ya vipindi vingi) ya Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa simulizi na dadu), kwa kanuni za 1981. Wachezaji waligongagonga kila jiwe, na jioni nzima iliisha tukiwa chumba cha pili.

Niliongeza mazimwi, mapigano yakarefuka tu. Nikaweka saa ya kengele, watu wakaudhika.

Dawa ilikuwemo kwenye kanuni tangu mwanzo: zamu, yaani dakika 10 za ndani ya hadithi. Kupekua eneo la futi 10 kwa 10 ni zamu moja. Mwenge huzimika baada ya zamu 6, kandili baada ya 24. Kila zamu ya pili narusha dadu. Ikitoka 1, kuna zimwi linakuja. Haya yote nilikuwa nikiyahesabu kichwani, kwa hiyo hakuna aliyeyahisi. Sasa nimechora visanduku 6 kwa kila mwenge, karatasi iko katikati ya meza, na kalamu anayo mchezaji aliyeshika mwenge. Anakata kisanduku yeye mwenyewe, kisha anatangaza: "Kimebaki kimoja!"

Juzi walifika chumba cha saba, wakanong'onezana kama wageuke au waendelee. Nilifurahi mno.