Nilivyoliokoa yai la kukunja la Kijapani

Tamagoyaki, yai la kukunja la Kijapani, liliniungulia Jumamosi tatu mfululizo: nje jeusi, ndani bado linavuja. Kosa lilikuwa sukari. Kijiko kikubwa kizima kwa mayai matatu, tena kwenye moto mkali wa kuchomea chapati! Nikapunguza hadi kijiko kimoja cha chai, nikateremsha moto, nikamimina yai kidogo kidogo. Kila tabaka nalikunja uso wake ukiwa bado unang'aa kwa unyevu, hapo ndipo linashikana; kisha napaka mafuta tena kwa kitambaa. Ukilikata, mizunguko ya manjano inaonekana wazi. Kando naweka wali mweupe, tango, nyanya nyekundu na nori nyeusi, yaani mwani mkavu wa bapa. Rangi tano hizo Wajapani huziita goshiki. Watoto walimaliza kabla chai haijapoa.