Siku yangu kwenye mahakama ya kuigiza, Dodoma

Saa 12 asubuhi nipo kituoni Nkuhungu, kitenge mabegani. Dodoma mwezi wa saba baridi si mchezo, na upepo wake unakuachia vumbi mpaka kwenye meno. Nimestaafu ukarani wa mahakama ya mwanzo. Siku hizi nakaa nyuma ya kamera kwenye kipindi cha mchana cha kesi za kuigiza, nawaambia vijana kipi hufanyika kortini na kipi hakifanyiki.

Saa 2, ukumbi wa kukodi Area C. Fundi anapigilia misumari kizimba. Mwongozaji, rika la kitindamimba wangu, kaja na nyundo ya mbao. "Mama, hakimu bila nyundo hanogi." Namwambia miaka yote ile sijaona hakimu akigonga meza. Karani akiita "Kooorti!" watu wote wima, kimya. Tumevutana weee. Nyundo imebaki mezani, ila haigongwi.

Saa 4 tunarekodi. Mke anadai talaka na mgao wa shamba la zabibu, Hombolo. Mume anajitetea: shamba kanunua kwa hela yake, mwenzake alikuwa anapika tu. Hapo ndipo ninapokaa vizuri kwenye kiti. Tangu 1983 Mahakama ya Rufani ilishaamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Na huyu wetu alikuwa anapogoa mizabibu pia, kila msimu, na misimu ya zabibu kwetu ni miwili kwa mwaka. Nikamwomba dada anayeigiza aoneshe viganja vyake akisema hivyo. Akavinyoosha: kucha za bandia, ndefu, nyekundu. "Kata!" Nusu saa imeishia kwenye asetoni.

Saa 7, wali maharage.

Saa 8 ugomvi wenyewe. Script imempeleka mke moja kwa moja mahakamani. Nikagoma. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka, kwa kawaida, mgogoro uanzie baraza la usuluhishi wa ndoa, nalo lithibitishe limeshindwa kuwapatanisha. "Mama, dakika 25 hizi, baraza tuliweke wapi?" Nikamjibu: kuna mtu Kondoa atauza kuku apate nauli ya kuja kufungua shauri, arudishwe kwa kukosa karatasi moja. Niliwarudisha wengi mimi mwenyewe. Basi hakimu sasa anauliza, "Hati ya baraza iko wapi?" na dada anaitoa kwenye mkoba, imekunjwa mara nne.

Kilichonishinda ni kalamu. Kortini kwetu hakimu aliandika ushahidi kwa mkono. Shahidi akikimbiza maneno anaambiwa "subiri", anasimama na neno mdomoni mpaka aandikiwe. Halafu kesi inaahirishwa. Hiyo hakuna televisheni itakayoirusha, wala sibishi.

Saa 11 hukumu: ndoa imevunjwa, shamba linagawanywa. "Mume" anavua koti la kuazima, anamwuliza mtalaka wake kama wachangie bajaji hadi Majengo. Mimi nimeshapewa script ya kesho: mirathi, wake wawili, wosia hauna shahidi hata mmoja. Ukurasa wa kwanza tayari una wino mwekundu.